Wamefunga duka la dawa kijijini. Sasa tununue wapi?

Mwalimu wa Tandahimba

Ndugu zangu wa Kusini, habari za jioni. Naleta jambo hili mlijadili bila kunionea haya.

Wiki mbili zilizopita wakaguzi wa dawa walipita kijijini kwetu. Duka pekee la dawa tulilokuwa nalo likapigwa kufuli. Mwenye duka hakuwa na kibali, na binti aliyekuwa akiuza hakusomea. Wakabeba maboksi mawili: vidonge vya rangi mbili (antibayotiki), sindano, na dawa za maji za watoto. Kisheria walikuwa sahihi, hilo silibishi.

Lakini tazameni kilichofuata. Zahanati tunayo na mganga yupo, ila kuna wiki unaandikiwa dawa kisha unaambiwa dirishani hakuna, ukanunue. Duka lenye kibali lililo karibu liko kilomita 17. Bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 10,000, na huu ni mwezi wa tatu. Hela ya korosho kwa wengi wetu iliisha kabla hata shule hazijafunguliwa. Jumatano nimepita gulioni, nimemkuta kijana katandika turubai. Dawa zimelala juani, pembeni yake betri za redio na viberiti. Anauza kidonge kimoja kimoja, anakukatia na mkasi. Waliomzunguka ni wateja wale wale wa duka lililofungwa. Mmoja ni mama wa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, ambaye tangu Jumatatu hajaonekana shuleni.

Basi swali langu ni hili. Serikali inapofunga duka la namna hii na kuondoka, imelinda afya yetu au imetuhamisha kutoka kwenye paa la bati kwenda kwenye turubai?

Nesi wa Mtwara Mjini

Shikamoo mwalimu kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari yako.

Mimi niko wodi ya watoto. Mwezi uliopita tulimpokea mtoto wa miaka mitatu, nimonia. Bibi yake kanisimulia safari yote. Siku ya kwanza walifungua kidonge cha rangi mbili, unga nusu wakaukoroga kwenye chai. Siku ya pili homa ikashuka, wakaacha. Siku ya nne tumbo likauma, duka likawapa flajili, dawa ya amiba. Siku ya sita ndiyo wanafika kwetu, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Dawa tuliyomwanzishia haikufua dafu, ikabidi tubadilishe. Alipona, Mungu mkubwa, lakini yule aliyemuuzia anaamini mpaka leo kwamba alimsaidia.

Mnasahau haraka. Klorokwini tuliyokua nayo sote iko wapi? Mwaka 2001 ikaondolewa ikaja SP, mnaoijua kwa jina la fansida. Haikufika mbali, 2006 tukaingia dawa ya mseto. Dawa mbili za malaria zimetufia mikononi. Sasa na antibayotiki nazo tunakwenda nazo hivyo hivyo, kwa huruma ya "jamani watanunua wapi". Lifungwe. Na la pili lifungwe.

Korosho Ghafi

Dada nesi, huku kwetu Newala hata kuku wanapewa rangi mbili. Anafunguliwa mdomo, anamwagiwa unga, kesho anawika. Ukimwambia mtu hiyo si dawa ya kuku anakuonyesha jogoo.

Mtoa Dawa, Nachingwea

Mimi nina duka la dawa muhimu lenye kibali, na nitasema jambo ambalo mwalimu halitampendeza.

Nilikwenda mafunzo, nikalipa ada, nikafanya mtihani. Nimeweka dari ili chumba kisipate joto, nimeweka kabati la kufunga kwa ufunguo, nina daftari ninaloandika kila dawa ya cheti cha daktari ninayotoa. Kibali nakilipia. Sichomi sindano maana duka kama langu haliruhusiwi, hata mtu alie. Halafu mtaa wa pili kuna mtu anauza vitenge mbele na antibayotiki nyuma ya pazia. Mteja akija kwangu bila cheti nikamwambia aanze hospitali, ananicheka usoni, anakwenda kwenye vitenge. Jioni nahesabu mauzo, nakuta ninyi wenye huruma mmenila mimi niliyefuata sheria.

Na dawa zile zinatoka wapi? Kila mtu kwenye kazi hii anajua kuna vidonge vimegongwa herufi za GOT, maana yake mali ya Serikali. Siku moja nimeletewa mkebe mzima, bei ya kutupa, nikamfukuza mleta. Amini usiamini, uliuzwa kabla ya magharibi. Halafu kesho yake watu wanalalamika dirishani hakuna dawa.

Mkazi wa Kilambo

Mnazungumzia maduka ya bara, hamjaja huku mtoni. Boti ikivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji inakuja na samaki, vitenge na dawa. Maboksi yameandikwa Kireno. Mimi Kireno changu kinaishia "bom dia". Tunanunua kwa rangi na kwa umbo: kile kirefu cha manjano ni cha mgongo, cha mviringo cheupe ni cha homa. Mke wangu alipewa cha mgongo akavimba midomo. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, kwa hiyo sijui nimkataze nini siku nyingine.

Mfamasia wa Masasi

Naomba niweke mambo machache sawa, maana naona watu wanachanganya mamlaka.

Walinzi ni wawili. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inashughulika na dawa yenyewe: imesajiliwa, imepimwa, imeingiaje nchini. Ni ile TFDA ya zamani, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwaka 2019 mambo ya chakula yalihamia TBS, Shirika la Viwango, jina likabadilika. Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya 2011, linashughulika na anayeuza na mahali anapouzia. Yule binti muuzaji aliyetajwa na mwalimu ameangukia upande wa Baraza. Vidonge vya Kilambo viko upande wa TMDA, na hapo kaka yangu, tatizo si Kireno tu. Dawa isiyosajiliwa huku hakuna aliyeithibitisha huku, basi. Inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa chaki.

Kwa nini tunasumbuka na usajili? Mwaka 2022 kule Gambia walikufa watoto wapatao 70, wengi wao figo zimefeli, na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa za kikohozi za maji kutoka India zilizokutwa na kemikali za sumu, zile za jamii ya vimiminika vya kwenye rejeta za magari. Chupa zilikuwa na lebo nzuri. Nchi haikuwa na maabara yake ya kuzipima kabla hazijafika dukani. Sisi maabara tunayo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliutambua mfumo wetu wa udhibiti wa dawa kuwa umefika daraja la tatu, wa kwanza Afrika. Kwa hiyo anayesema wakaguzi ni kero tu, afikirie chupa asiyoweza kuijua kwa macho.

Dada nesi, nakuunga mkono karibu kote, ila klorokwini usiwabebeshe watu wa Mtwara. Usugu wake, yaani vimelea vya malaria kuizoea dawa, ulianzia Asia ya Kusini-Mashariki, ukaonekana kwetu Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Ungetufikia tu. Matumizi ya hovyo yaliuchochea, hayakuuzaa.

Mwalimu, sasa nakuja kwako. Swali lako si jipya. Zamani vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Sheria iliyaruhusu kuuza dawa za kawaida tu zisizohitaji cheti. Antibayotiki marufuku. Yalikuwa yanaziuza? Yalikuwa yanaziuza, tena waziwazi, kwa sababu mteja alikuwa na shida na famasi iko mjini. Serikali ingeweza kufunga yote. Badala yake mwaka 2003 ikaanza pale mkoani Ruvuma, jirani zetu, na mpango wa duka la dawa muhimu: muuzaji afundishwe, jengo likaguliwe, kisha apewe orodha fupi ya dawa za cheti anazoruhusiwa kutoa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Mpango ukasambaa nchi nzima. Dada wa Nachingwea ni mtoto wa uamuzi ule.

Mwalimu wa Tandahimba

Marahaba dada nesi, nywele zimeshakuwa nyeupe.

Mfamasia, umenipa kile nilichokuwa nakitafuta nikashindwa kukitaja. Kumbe mwaka 2003 waliokuwa wanavunja sheria hawakufungiwa milango wakaachwa, walifundishwa. Sheria ikainama kidogo ikamfikia mtu pale alipo, kisha ikamshika mkono. Huku kwetu hayo mafunzo hayakufika, kilichofika ni kufuli. Huo ndio ugomvi wangu, wala si mwingine. Simtetei binti kuendelea kama alivyokuwa.

Mkaguzi akija na karatasi ya kufunga, aje na ya pili: duka hili limefungwa, huduma itapatikana mahali fulani kuanzia tarehe fulani, na mwenye duka akitaka kuhalalishwa masharti ni haya, muda ni huu. Mwenye duka kwetu amebaki na notisi iliyoandikwa vifungu vya sheria. Amenifuata mimi nimsomee.

Nesi wa Mtwara Mjini

Mwalimu, maneno yako matamu, lakini yana tundu. Ukimpa muda wa kujihalalisha, huo muda wote anauza nini? Miezi mitatu ya "anajipanga" ni watoto wangapi wa nusu kidonge kwenye chai?

Mwalimu wa Tandahimba

Auze panadoli, chumvi za kuharisha, zinki, dawa za minyoo. Antibayotiki na sindano zibebwe siku ile ile, kama zilivyobebwa. Mlango ubaki wazi kwa hivyo vingine.

Mtoa Dawa, Nachingwea

Haha, mwalimu, umewahi kukaa nyuma ya kaunta wewe? Panadoli na zinki hazilipi kodi ya pango. Ndiyo maana watu wanaingiza vile vingine. Mtu akibaki na vya halali tu, kabla ya mwezi kwisha atafunga mwenyewe au atarudisha pazia. Mimi mwenye orodha ndefu kuliko hiyo napumua kwa shida.

Ukitaka kijiji chenye watu wachache kiwe na duka safi, mtu alipie tofauti. Huku mazao yakipita kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, makato hayakosi. Kijiji kikiamua sehemu ya fedha zake imsomeshe binti mmoja na kuezeka chumba kimoja, hapo nitakusikiliza. Lakini kunisamehea jirani ada ninazolipa mimi, hapana.

Korosho Ghafi

Makato mengine tena? Dada, sisi kwenye stakabadhi tumeshaachiwa mkia tu.

Mfamasia wa Masasi

Hoja ya Nachingwea ni nzito kuliko inavyoonekana, na sisi wenye taaluma huwa tunaikwepa. Masharti yote haya, dari, vigae, friji, ada, yana gharama, na gharama inavutia maduka kwenda palipo na wateja. Hesabuni maduka yenye kibali Masasi mjini, halafu mtoke barabara ya lami mwendo wa saa moja mhesabu tena. Usalama tunao zaidi mjini, ambako hospitali nayo ipo.

Hata hivyo mwalimu, yule wa turubai asichanganywe na hoja hii. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Juani gulioni pale ni zaidi ya hapo mapema tu asubuhi. Na akikata kwa mkasi anatenganisha kidonge na tarehe yake ya mwisho. Huyo hana cha kufundishwa leo, ni wa kuondolewa leo. Mtendaji wa kijiji anaweza kutoa taarifa kwa mfamasia wa wilaya, haihitaji kusubiri mtu kutoka Dar.

Mwalimu wa Tandahimba

Nakubali. Gulio lijalo nitakwenda na mtendaji. Kikao cha kijiji ni Jumamosi na suala la kusomesha nitalipeleka, ingawa namfahamu mwenyekiti wetu, ataanza na kisima kwanza, na kwa nyanda hizi zetu zisizo na maji siwezi kumlaumu.

Ila bado nasema: nikimwondoa yule kijana Jumatano, Alhamisi yule mama ataniuliza mimi, si mfamasia wa wilaya.

Nesi wa Mtwara Mjini

Mwalimu, huyo mama alinunua nini?

Mwalimu wa Tandahimba

Vidonge vinne vya rangi mbili na viwili vyeupe. Alisema mtoto ana homa usiku, na anakohoa.

Nesi wa Mtwara Mjini

Hebu tuache mjadala kidogo. Vinne vya rangi mbili si dozi kamili. Apelekwe zahanati akapimwe malaria kwanza, hata kama dirishani hakuna dawa, kipimo kinaweza kuwepo. Mwangalieni anavyopumua: kama anahema haraka haraka, au mbavu zinaingia ndani, au hawezi kunywa, msilale naye nyumbani. Aje hospitali usiku huo huo. Ameshaonekana shuleni?

Mwalimu wa Tandahimba

Hajaonekana. Nachukua baiskeli, napita kwao kabla giza halijaingia.