AMV za zamani zinapoteza watazamaji: tuzijenge upya kwa picha safi au tuziache zilivyo?

Mleta mada

Wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaandaa maonyesho ya AMV, yaani video za muziki ambazo mashabiki hutengeneza kwa anime (katuni za Kijapani), kwa ajili ya vijana waliojifunza kuhariri kwa simu, na nimechagua kwa makusudi video zilizotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwaka 2008 hivi, zile ambazo shabiki alichukua vipande vya anime na kuvipanga upya juu ya wimbo mzima, kuanzia gitaa la mwanzo hadi sauti inapozimika. Baadhi yake zilishinda mashindano kwenye makongamano ya anime, na kwa miaka kadhaa kila aliyeanza kuhariri alijipima nazo. Nilipozijaribu mbele ya kikundi kidogo hakuna aliyezikejeli, ila kabla ya dakika ya kwanza kwisha mmoja wao aliuliza, tena kwa heshima kabisa, ni lini itaanza.

Nina maswali mawili. Je, kinachozififisha ni mtindo wa uhariri uliobadilika tu, au kuna jambo jingine lililopotea njiani ambalo sisi tuliozipenda tangu zamani hatulioni? Na kwa kuwa anime nyingi zilizotumika sasa zinapatikana kwa ubora wa Blu-ray (diski zenye picha kali kuliko DVD), ninafikiria kuzijenga upya mkato kwa mkato, bila kugusa mpangilio wa mhariri wa kwanza, ili angalau picha isiwe kikwazo. Je, ni wazo jema? Naomba kuwasilisha.

Deki Mbili

Ndugu mleta mada, swali la kijana huyo lina jibu la kiufundi, na ningeanza nalo kabla ya kuulaumu umri wake.

AMV inayotajwa kwa kawaida kuwa ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1982 na Mmarekani Jim Kaposztas kwa kuunganisha deki mbili za video, na kwa muda mrefu baada ya hapo hiyo ndiyo ilikuwa njia ya watu wote. Deki hairekodi papo hapo unapobonyeza kitufe, kwa sababu utepe unahitaji muda wa kushika kasi. Kwa hiyo mhariri alirudisha kanda nyuma kidogo, akaziachia deki zote mbili, kisha akaomba mkato uangukie karibu na pigo la ngoma. Ukikosea unarudia, ukirudia sana utepe unachakaa, na nakala ya nakala hupoteza rangi na kuanza kutetemeka pembeni. Waliokuwa na deki zinazoweza kupachika picha mpya bila kufuta sauti iliyokwisha kurekodiwa walilaza wimbo kwanza na kuweka picha baadaye, lakini hata wao waliulipia kila mkato kwa saa na subira. Katika mazingira hayo hakuna mtu anayekata mara nne ndani ya sekunde moja. Alitafuta tukio lenye mwendo ndani yake, mhusika anageuka au kamera inapanda polepole juu ya majengo, akaliacha lifanye kazi lenyewe kwa sekunde tano.

Kompyuta zilipoingia gharama hiyo iliondoka, ila jicho la wahariri lilikuwa limekwisha kufundwa na kanda, na ndiyo maana video za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina pumzi ndefu hata pale ambapo programu haikumlazimisha mtu. Kilichobadilika kwanza hakikuwa kasi bali ni aina ya kazi iliyoshangiliwa. Chukueni mfano wa kuufanya mdomo wa mhusika uimbe wimbo. Wachoraji wa anime mara nyingi hutumia maumbo machache tu ya mdomo, uliofumbwa, uliofunguka nusu na uliofunguka wote. Mhariri alikuwa akiyakusanya kutoka matukio mbalimbali ya mfululizo, anaukata mdomo, anaubandika juu ya uso uliotulia, kisha anaupanga silabi kwa silabi dhidi ya sauti ya mwimbaji. Ubeti mmoja ungeweza kumla wiki nzima, na watu ukumbini walipiga makofi kwa sababu walijua jasho lililomwagika pale. Kijana wa leo anaona mdomo unaotembea katika katuni, jambo ambalo katuni hufanya siku zote, naye hana sababu ya kushangaa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvuto wa video zile ilikuwa ni ugumu wake, na ugumu hauonekani kwenye picha mara programu inapougeuza kuwa kitufe. Kitu hicho hicho kiliyapata hata mapambo mepesi: ule ukurasa unaojikunja na ile picha inayovunjika vigae, vilivyokuja bure ndani ya Windows Movie Maker, vilikuwa fahari ya kila chipukizi kwa msimu mmoja, na msimu uliofuata vikawa alama ya kumtambulia asiyejua. Ninazidhani kuwa salama zaidi video ambazo uzuri wake ulikuwa katika kuchagua tukio gani likutane na neno gani la wimbo, kwa maana uchaguzi wa namna hiyo hakuna programu iliyourahisisha.

Mtazamaji Mkavu

Nimemsoma Deki Mbili kwa makini, na katika historia ya vifaa sina ubishi naye, lakini sikubali kwamba zana ndizo zilizobeba mzigo mkubwa zaidi. AMV ya zamani ilikuwa mazungumzo kati ya watu waliokwisha kutazama mfululizo ule ule. Anime zilizowafikia mashabiki wa nje ya Japani zilikuwa chache, na walioingia ukumbini walikuwa wamezitazama karibu zote, kwa hiyo mhariri aliweza kusimamisha picha ya kiti kitupu juu ya kiitikio kwa sekunde nne na ukumbi wote ukanyamaza, kwa kuwa kila mtu alijua nani aliyekalia kiti kile na alikufaje. Mwondolee mtazamaji maarifa hayo, kinachobaki ni kiti. Kijana aliyeuliza ni lini itaanza hakukosa adabu wala subira; yeye alionyeshwa nusu ya pili ya mazungumzo ambayo nusu yake ya kwanza haijui.

Video fupi za leo zimejengwa kwa hali iliyo kinyume kabisa. Tangu TikTok ilipomeza Musical.ly, programu nyingine ya video fupi, mwezi Agosti 2018, mhariri hajui kazi yake itamwangukia nani, na mtu huyo ana kidole tayari kwa kuipitisha. Kwa hiyo kila sekunde lazima ijieleze yenyewe hata kwa mgeni asiyejua jina la mhusika. Ngumi, macho yanayowaka, nywele katika upepo, kasi inayopanda na kushuka pamoja na besi: vitu hivyo havihitaji utangulizi. Tena kuna suala la ulaini wa mwendo ambalo wengi hulisahau. Mchoro wa anime mara nyingi hubadilika mara nane au kumi na mbili tu kwa sekunde, na ukiupunguza kasi unaanza kurukaruka. Wahariri wa sasa huiachia programu ibuni michoro ya katikati ili mwendo uteleze, na jicho lililozoea utelezi huo linaiona picha ya kawaida kama yenye kigugumizi, ijapokuwa ndivyo ilivyochorwa na wenyewe.

Niongeze neno moja lisilopendeza. Nyingi ya video hizo zinastahili kufifia. Tuliokuwepo tunakumbuka jinsi mapigano ya Dragon Ball Z yalivyobandikwa juu ya nyimbo za bendi ya Linkin Park na maelfu ya watu ambao hawakuwa na lolote la kusema juu ya hilo wala hili, hadi jambo lenyewe likageuka utani miongoni mwa mashabiki. Ukitaka maonyesho yako yashike, chagua video chache, na kabla ya kila moja waeleze watazamaji kwa sentensi mbili kilichowapata wahusika. Inachosha, lakini kwa maoni yangu inasaidia kuliko picha safi.

Fremu kwa Fremu

Nitajibu swali la pili, kwa sababu ndilo lenye madhara. Kabla ya kuzungumzia kujenga upya, mleta mada atuambie anaonyesha faili gani. Video iliyopakiwa YouTube mwaka 2006 ilionyeshwa kwa pikseli 320 kwa 240, na nakala nyingi zinazozunguka leo zimepakuliwa kutoka pale, zikakandamizwa tena, zikapakiwa upya na mtu mwingine. Mhariri mwenyewe huenda alitoa faili kubwa zaidi na safi zaidi na kuiweka AnimeMusicVideos.org, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kazi hizi hizi, ambako wahariri wengi pia waliandika walitumia programu gani na walikusudia nini. Inawezekana kabisa kwamba vijana wako hawajaiona AMV ya mwaka 2003. Wameona kivuli chake cha tatu.

Sasa kuhusu Blu-ray. Wahariri wa wakati ule walikata kutoka kwenye DVD za Marekani au Japani, ambazo huenda kwa fremu (picha moja moja) 29.97 kwa sekunde, na wengi waliacha mradi wao katika kasi hiyo. Blu-ray ya anime kwa kawaida huenda kwa 23.976. Mkato mmoja ukisogea kidogo hakuna atakayeona, lakini fikiria ngoma inayopigwa mfululizo ambapo mhariri alibadilisha picha kila baada ya fremu tatu, yaani kila baada ya milisekunde 100. Katika kasi mpya fremu mbili ni milisekunde 83 na fremu tatu ni 125. Hakuna namna ya kuipata 100, kwa hiyo utapanga mbili, tatu, mbili, tatu, na kile kilichokuwa kinakimbia kitaanza kuchechemea. Utakuwa umeheshimu mpangilio kwenye karatasi na kuuvunja kwenye sikio.

Zaidi ya hapo, toleo jipya la anime si lazima liwe picha ile ile iliyosafishwa. Kuna matoleo ambayo rangi zilipangwa upya, mengine picha ya umbo la 4:3 ilikatwa juu na chini ili ijaze skrini pana, na mengine wachoraji walirekebisha matukio waliyoona aibu nayo. Mkono ulioingia kutoka chini ya fremu haswa kwenye pigo la ngoma unaweza usionekane tena. Na pale mhariri alipobandika mhusika wa mfululizo mmoja ndani ya mwingine, ule ukungu wa DVD ndio ulioficha kingo za mkasi wake. Picha ikiwa kali, kila kiungo kinaonekana.

Ushauri wangu: onyesha faili ya mhariri mwenyewe, katika umbo lake la 4:3, bila kuinyoosha na bila kuipitisha kwenye programu za kuongeza ubora, ambazo hupenda kulainisha mistari ya wachoraji hadi nyuso zote zifanane. Ukijenga upya moja kwa ajili ya mafunzo, iite zoezi, na iwekwe kando ya ile ya kwanza.

Mleta mada

Nashukuru sana. Nimezikagua faili zangu kwa mwanga wa maelezo hayo, na nyingi kweli ni nakala za YouTube, kwa hiyo nimeanza kuzitafuta za wahariri wenyewe, na wazo la Blu-ray nimeliweka pembeni. Limebaki jambo moja. Baadhi ya nakala hazina sauti kabisa, kwa kuwa YouTube ilianza kuzizima sauti za video zenye nyimbo zilizolindwa mwanzoni mwa mwaka 2009, na nyingine niliambiwa ziliondolewa hata kwenye tovuti ya mashabiki. Je, niurudishe wimbo mwenyewe?

Fremu kwa Fremu

Kuhusu kuondolewa ni kweli: Novemba 2005 kampuni ya Wind-up Records iliitaka AnimeMusicVideos.org iondoe video zilizotumia nyimbo za wasanii wake, wakiwemo Evanescence, nayo ikatii. Kwa video zilizoondolewa hivyo tafuta kwanza watu waliozipakua kabla ya tarehe hiyo. Wapo, na wengi hawafuti kitu.

Kuhusu kurudisha wimbo, inawezekana, mradi ujue ni toleo lipi. Wimbo wa albamu na ule uliofupishwa kwa ajili ya redio hutofautiana, na baadhi ya wahariri walikata ubeti wao wenyewe. Tafuta mkato mmoja mkali karibu na mwanzo na mwingine karibu na mwisho, uukalishe wa kwanza juu ya pigo lake, kisha uangalie wa mwisho bila kugusa kitu. Mkato huo ukiwa umechelewa au umewahi, toleo ulilonalo silo. Usiivute sauti ili ifike, tafuta toleo jingine.