Haki ya uenyeji kwenye besiboli ya vyuo Marekani inakwenda kwa mwenye hela, na NCAA wanajua

Wakuu, nimechoka kukaa kimya kwa hili. Kila mwisho wa Mei kamati ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inapotangaza vituo 16 vya kuanzia mchujo wa ubingwa, ramani inaelemea upande ule ule: kusini. Mwaka 2025 ligi moja tu, SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini, ilipewa vituo 8 kati ya 16. Nusu nzima! Ukanda wa Midwest, majimbo ya kaskazini-kati, haukuambulia hata kimoja, wakati fainali zenyewe zinachezwa Omaha, Nebraska, huko huko Midwest, tangu 1950.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, timu 64 zinagawanywa nne nne kwenye vituo hivyo, na ukifungwa mara mbili umeaga. Washindi 16 wanakutana wawili wawili, anayetangulia kushinda mechi mbili anapita, na hapo tena mnacheza kwenye uwanja wa mmoja wenu. Zinazobaki 8 ndizo zinakwenda Omaha. Maana yake kabla hujakanyaga uwanja usio wa mtu, lazima upite wikendi mbili ambazo ama uko kwako, unalala kitandani kwako na mashabiki ni wako, ama uko hotelini mji wa watu unazomewa kuanzia mrushaji wako anapopasha mkono. Usiniambie hilo ni jambo dogo.

Sasa, uenyeji unapatikanaje? Matokeo ya msimu yanaangaliwa, sikatai. Lakini chuo lazima kwanza kipeleke zabuni, na ndani ya zabuni kuna makadirio ya mapato ya viingilio na kiasi ambacho chuo kinaahidi kuipa NCAA. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, wana uwanja wa watu zaidi ya 10,000. Chuo cha Ohio chenye majukwaa ya watu mia kadhaa kitaahidi nini mbele ya hao?

Na hayo matokeo yenyewe si mizani iliyo sawa. Msimu unaanza katikati ya Februari. Nenda Indiana au Michigan Februari uone, uwanja uko chini ya theluji. Timu za kaskazini zinapanda basi au ndege wiki baada ya wiki kwenda kucheza kusini, ugenini, ilhali wenzao wanakusanya ushindi nyumbani kwenye jua. NCAA wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2013 walibadilisha hesabu ya RPI, kipimo cha kupanga ubora wa timu, ushindi wa ugenini ukawa na uzito wa 1.3 na wa nyumbani 0.7. Kwa hiyo kwenye karatasi wamekiri kwamba nyumbani ni faida kubwa, halafu ikifika Mei wanaigawa faida hiyo kwa walewale walioifaidi tangu Februari.

Kisa kinachoniuma mpaka leo ni cha Indiana State, 2023. Chuo cha Terre Haute, mji mdogo, ligi ndogo. Walipambana msimu mzima wakaorodheshwa wa 14 kitaifa, wakapewa kituo, wakakishinda mbele ya Iowa, North Carolina na Wright State. Hatua iliyofuata wakapangiwa TCU, chuo cha Fort Worth, Texas, timu ambayo haikuwamo kabisa kwenye orodha ya 16 bora. Kwa haki, TCU ndio walitakiwa kusafiri. Lakini wikendi hiyo Terre Haute ilikuwa na michezo ya Special Olympics (ya watu wenye ulemavu wa akili) ya jimbo la Indiana, inayofanyika hapo chuoni kila mwaka, mabweni na wafanyakazi vyote viko huko. Chuo hakikuomba uenyeji. Kwa kuheshimu wanamichezo wale walifanya jambo sahihi na mimi nawavulia kofia. Hasira yangu iko kwa NCAA, ambao hawakuwa na mpango mwingine wowote isipokuwa kuhamishia mechi Fort Worth, Texas, zaidi ya kilomita 1,000, kwenye uwanja wa mpinzani. Indiana State wakafungwa mbili, wakarudi nyumbani. TCU wakaenda Omaha.

Wala usiseme haikuwezekana. Mwaka 2012 Purdue, jimbo hilo hilo la Indiana, uwanja wao wa chuo haukufaa, wakaandalia kituo chao Gary, kwenye uwanja wa timu ndogo ya kulipwa. Mambo yakaenda. Kent State ndio walioshinda pale, baada ya kuitoa jasho Kentucky kwa ingizo 21 (mechi ya kawaida ina 9), na wakafika Omaha.

Najua kuna watakaokuja na hoja ya "timu nzuri inashinda popote". Watataja Michigan 2019, waliopita kituo cha Corvallis, Oregon, wakaifunga UCLA iliyokuwa namba moja huko huko Los Angeles, wakafika fainali. Watataja Murray State 2025. Sawa. Tangu mfumo huu wa timu 64 uanze 1999, timu zilizopangwa za nne, yaani za mwisho, kwenye vituo vyao zilizofika Omaha hadi 2025 ni nne tu: Fresno State, Stony Brook, Oral Roberts na Murray State. Nne! Na kila mwaka zinaingia 16 za namna hiyo. Tunazikumbuka kwa majina kwa sababu ni chache kiasi hicho.

Ninachotaka ni hiki: ahadi ya fedha iondolewe kabisa kwenye zabuni. Timu ikishapata nafasi ya uenyeji kwa jasho lake ibaki nayo, na kama uwanja wake haufai au umeshikwa, NCAA walipie uwanja wa karibu kama Gary. Indianapolis ina uwanja mzuri wa besiboli katikati ya mji, ni mwendo wa saa moja na kitu kutoka Terre Haute, na makao makuu ya NCAA yenyewe yako mji huo huo.

Anayewatetea aje hapa anieleze kwa nini 2023 hakuna aliyeweka mpango wa kuwapeleka huko.