Sampuli mbovu ya divai changa, halafu mnataka alama?

Wakuu, leo mniache niseme. Nimechoka na wauzaji wanaotuletea divai nyekundu changa, iliyochotwa pipani kabla haijapevuka, tuionje na kuipa alama, wakiambiwa ukweli wananuna.

Hii niliyoletewa juzi, chupa haijajaa, kizibo kinaingia na kutoka kwa kidole, tarehe ya kuchotwa pipani hakuna. Pale juu pote ni hewa! Divai ikikaa na oksijeni namna hiyo, haichukui muda inaanza kunuka tofaa lililobondeka, na ndivyo ilivyonuka. Nikainamisha glasi: ukingoni, penye kutakiwa zambarau, pana ukahawia. Ukahawia, kwa divai ya mavuno ya juzi juzi!

Kuisukutua mdomoni, vipovu. Nikauliza kama uchachushaji wa pili umekwisha, ule wa bakteria kugeuza asidi ya maliki, kali kama ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki iliyo laini, huku gesi ya kaboni ikitoka. Jibu: "We onja tu, utuambie kama itapevuka." Nitajuaje? Kama bado unaendelea, uchachu ninaouonja leo sio utakaobaki.

Ukakasi wala siulalamikii. Divai changa lazima ikaushe fizi kwa tanini zake, vile vitu vya ukakasi vya maganda na mbegu za zabibu, na pipa jipya linaongeza za kwake. Ninachotafuta ni kama kuna ladha ya tunda ya kutosha kuubeba ukakasi huo, na kama ladha inakaa baada ya kutema. Hapa tunda limeliwa na hewa, ukakasi umebaki peke yake. Sasa nimlaumu aliyeitengeneza au aliyeichota?

Bora hata ingenuka yai viza. Hiyo ni salfa. Ukiizungusha kwenye glasi, au ukatumbukiza kipande safi cha shaba, mara nyingi inapungua. Tunda likishaliwa na hewa halirudi.

Na nyie waonjaji mliopewa chupa za mkupuo huohuo mkaandika eti "ina mustakabali mzuri", mustakabali upi? Hata chupa ya pili ya kulinganisha hamkuomba!

Wauzaji, jazeni chupa mpaka shingoni, andikeni tarehe, semeni uchachushaji umefikia wapi, na msiisafirishe kwenye joto. Kabla ya hapo alama sitoi. Aliyeipa 90 kwa 100 aje hapa atueleze alionja nini.