Jemadari mkubwa kuliko wote: ni von Lettow kweli?

Wadau wa Tanga, juzi kijiweni Ngamiani kahawa imepoa kwa ubishi. Mzee mmoja kashikilia kuwa dunia haijapata jemadari kama Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, maana Novemba 1914 aliwatimua hapa Waingereza wapatao 8,000 kwa askari elfu moja hivi.

Mie nakataa. Ushindi ule nusu yake ni zawadi ya Jenerali Aitken, mkuu wa Waingereza. Meli zilifika tarehe 2, muda ukapotea kwa mazungumzo, na von Lettow akapata nafasi ya kushusha askari kwa treni kutoka Moshi. Nyuki nao, wanaosifiwa mpaka leo, waliuma pande zote mbili. Kisha miaka minne ya kukimbizana porini hadi akasalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918: alikula chakula cha nani? Wapagazi na wanavijiji walikufa kwa njaa na maradhi, wala hawatajwi anaposifiwa.

Kura yangu naipa Khalid bin Walid. Uhud, mwaka 625, akiwa bado upande wa Makureshi, aliona wapiga mishale wameacha kilima, akazunguka na farasi wake akawatokea Waislamu kwa nyuma. Mwaka 636, Yarmuk, akalivunja jeshi la Rumi (Bizanti) lililomzidi kwa wingi. Na Khalifa Umar alipomvua ukuu hakuasi, aliendelea kupigana chini ya Abu Ubaida. Nani mwingine kafanya hivyo?

— Kaka, wapagazi wa von Lettow umewahesabu, waliokufa vitani kwa Khalid umewasahau. Mie nasema Hannibal wa Karthago. Cannae, Italia, mwaka 216 KK, aliwazingira Warumi wengi kuliko watu wake, na mbinu ile inafundishwa vyuo vya kijeshi hadi leo.

— Na Zama, mwaka 202 KK, jemadari wa Kirumi Scipio akampiga. Roma yenyewe hakuitwaa.

— Sie wa Pangani mnatuweka wapi? Mwaka 1888 Bushiri bin Salim aliwatoa Wajerumani karibu pwani yote, wakabaki Bagamoyo na Dar es Salaam. Ikabidi afisa wao Wissmann aletwe na askari wa kukodi kutoka Sudan. Wakamnyonga Desemba 1889, kwetu hapa hapa.

— Bushiri ni shujaa, hilo halina ubishi. Lakini Bagamoyo aliishambulia na hakuipata. Shemeji, leta hoja ya vita, usilete ya ujirani.