Mbwa, punda au uzio wa umeme: nianze na kipi kulinda kondoo?

Mfugaji60
Wakuu, nina kondoo 60 na nimepoteza 4 ndani ya mwezi mmoja. Nyayo ni za fisi, ila jirani anaapa kamwona chui. Uwezo wangu ni wa kitu kimoja tu kwa sasa: mbwa walinzi, punda au uzio wa umeme.

BintiZizi
Pole sana ndugu yangu. Walichukuliwa machungani au zizini?

Mfugaji60
Zizini, usiku. Zizi la miba.

BintiZizi
Basi shida ni zizi. Fisi hufukua au kupenya palipo dhaifu, chui huruka kwa juu. Simba hata asipoingia, harufu yake inaweza kuwatia mifugo kiwewe, wakalivunja zizi na kukimbilia nje aliko. Weka wavu imara wa chuma, upande wa chini ukunjie nje na kuufukia. Kama kweli ni chui, funika na juu.

MzeeWaMachunga
Namuunga mkono. Mbwa nawapenda, na kwa mchana machungani sioni kinachowazidi, lakini hawatakuokoa wiki hii. Mtoto wa mbwa huanza kuishi na kondoo akiwa na wiki 8 hivi, alale nao, awazoee kama ndugu zake. Mpaka aaminike ni mwaka na nusu au miwili, na kabla ya hapo anaweza kuwajeruhi wana-kondoo kwa mchezo. Kule Namibia, shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa aina hiyo tangu 1994. Mbwa anabweka, anasimama mbele ya kundi, na duma hapendi ugomvi. Simba ni habari nyingine.

Kwato4
Punda anafaa kwa mbweha au mbwa koko. Awe jike au aliyehasiwa, tena peke yake, maana akipata punda mwenzake anawasahau kondoo. Kwa simba au kundi la fisi, usimtoe kafara.

Mfugaji60
Na umeme?

BintiZizi
Mzuri ukiutunza. Nyasi zikigusa waya, nguvu inapotea. Sufu nzito nayo huzuia mshtuko, kwa hiyo wafundishe kondoo mapema wauguse kwa pua. Taa za kuwaka na kuzimika usiku za kutishia wanyama ni nyongeza tu. Zihamishe mara kwa mara, wanyama huzizoea.

MzeeWaMachunga
Mizoga iondoe mbali leo hii, fisi atairudia. Na nakusihi, usitege sumu. Itaua tai na mbwa wa majirani.

Mfugaji60
Asanteni sana. Kesho naanza na wavu.