Tupeane uzoefu: uliyepona kiwewe kwa msaada wa mwanasaikolojia, ilikuwaje?

Binti Makorora: Wakuu, jana karibu na Segera dereva kafunga breki ghafla, nikajikuta nimeng'ang'ania kiti cha mbele nalia, konda ananiuliza "dada vipi?" Ajali yangu ni ya zamani na mguu ulishapona. Nimeanza kuonana na mwanasaikolojia, anataka nisimulie ajali yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Mliopitia hii, inasaidia kweli au ni kutonesha kidonda?

Ngosha: Inasaidia. Usiishie njiani.

Kamanda: Dada, usipoteze hela. Funga, omba, lala mapema. Wazee wetu walipigana vita ya Kagera na hawakumwona mwanasaikolojia yeyote.

Mtoto wa Kashai: Kamanda, baba yangu alipigana vita hiyo. Hadi anafariki hakulala bila taa, na mama alikuwa anamwamsha kwa kumwita akiwa mlangoni. Usituambie walikuwa wazima.

Binti Makorora, mimi nilikuwa MV Bukoba, Mei 1996, narudi shule na shangazi. Tulipita Kemondo, watu wakaongezeka na mikungu ya ndizi, joto likanishinda nikapanda juu. Shangazi akabaki chini na mizigo. Asubuhi ya tarehe 21, Mwanza iko karibu kabisa, meli ikalala ubavu, ikajiinua, ikalala tena. Haikuinuka. Tuliobahatika tukakaa juu ya tumbo la meli, na chini yetu watu wanagonga. Wanagonga chuma. Nilichukuliwa na mtumbwi. Baadaye wakatoboa ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, meli ikaenda chini.

Tangu hapo sikuweza kusikia mlango ukigongwa. Wapangaji wenzangu walijua: piga hodi kwa mdomo, usiguse mlango. Kazi ya karakana niliacha kwa sababu ya nyundo. Septemba 2018 ikazama MV Nyerere kule Ukara, na siku mbili baadaye wakamtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya meli. Nchi nzima inashangilia, mimi nimeanguka sebuleni. Niliwaza shangazi alikaa hai muda gani mle ndani.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Mwanasaikolojia alinisimulisha taratibu, macho nimefumba, naongea kama vile ndiyo inatokea. Tukarekodi, nikawa nasikiliza nyumbani. Mwanzoni ndoto zilizidi, nakwambia ukweli. Kisha akaanza kugonga meza, polepole, mimi namwangalia mkono. Leo wanangu wanagonga mlango nawafungulia. Shangazi bado namlilia, hilo halijaondoka wala sikutaka liondoke.

Mama Wawili: Pole sana kaka yangu. Nimesoma nikashindwa kuendelea kupika.

Ngosha: Waliotoboa ile meli ndio waliomaliza watu!

Mzee wa Kirumba: Ngosha, nilikuwepo ufukweni. Watu wanagonga, ungesimama tu? Walitoboa kwa kutaka kuokoa. Wengine tuliwazika Igoma bila kujua majina yao, kwa hiyo chunga ulimi.

Ngosha: Nia njema haikurudisha mtu.

Mama Wawili: Jamani, dada aliuliza kitu. Mimi baada ya ajali nilishauriwa kupanda basi haraka na kukaa mbele, na ikanisaidia.

Dogo Janja: Mimi nasema kaa nyuma, mbele unaona kila lori.

Mwana Kivu: Mimi ni Mukongomani, nilipita kambi ya Nakivale, Uganda. Kule wakimbizi wenyewe walifundishwa hii kazi. Wanatandika kamba chini: ni maisha yako tangu kuzaliwa. Ua ni siku nzuri, jiwe ni siku mbaya. Mimi nikaweka mawe tu. Mshauri wangu akaniuliza, nani alikufundisha kusoma? Nikaweka ua la mama. Kisha tukaenda jiwe moja moja. Anaandika, siku ingine anakusomea. Ile vita ikapata mahali yake, nyuma. Zamani ilikuwa inaniingia hata sokoni.

Nesi wa Dodoma: Nyongeza. Aliyepata janga wiki hii asilazimishwe kusimulia. Mpe chakula, usingizi na watu wake. Dalili zikipita mwezi, nenda. Na ukiona unawaza kujidhuru nenda leo leo. Mirembe na Muhimbili si za "vichaa" kama mnavyosema mtaani. Dawa zipo pia, na pombe si mojawapo.

Kamanda: Mimi bado naamini kufunga.

Nesi wa Dodoma: Funga kaka, na kliniki uende. Havigombani.

Binti Makorora: Mtoto wa Kashai, ile rekodi ulikuwa unasikiliza saa ngapi? Mimi usiku siwezi.

Mtoto wa Kashai: Mchana, mke wangu akiwa nyumbani. Na usikate katikati ikifika pale pabaya, sikiliza mpaka moyo utulie. Ukishindwa, mwambie mtaalamu wako kabla hujaamua kuacha.