Vituo vya TV, ile vurugu ya matokeo ya Agosti 2022 msitulete tena 2027

Wadau, tulisemee hili sasa. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 10, 2027, na tukingoja hadi wiki ya kura tutakuwa tumechelewa.

Kumbukeni Agosti 10, 2022, siku moja baada ya kupiga kura. Unawasha televisheni hii, mgombea urais William Ruto anaongoza. Unabadilisha, kwenye kituo jirani mpinzani wake Raila Odinga ndiye anaongoza. Saa ileile, uchaguzi uleule. Haikupita siku, kila kambi ikawa na televisheni "yake", na anayetaja namba za kituo kingine anaitwa kibaraka.

Kinachoniudhi ni kwamba zile namba hazikutungwa. Zote zilitoka kisima kimoja: picha za fomu 34A ambazo IEBC, tume ya uchaguzi, iliziweka wazi kwenye tovuti yake, fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura, vituo 46,229. Tume haikuweka jumla pale, iliacha kila anayetaka ajumlishe mwenyewe. Kwa nchi ambayo Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais mwaka 2017, huo ulikuwa uwazi wa kupigiwa makofi. Vyumba vya habari vikaupokea na kuugeuza mbio za farasi.

Kazi yenyewe inaendaje? Karani anafungua fomu moja, anasoma mwandiko wa mkono wa msimamizi wa kituo, anacharaza namba kwenye jedwali, anafungua nyingine. Tovuti imepangwa kwa kaunti, eneobunge, wadi, halafu kituo. Ukianzia Uasin Gishu, Elgeyo Marakwet na Nyeri, Ruto anapaa. Ukianzia Siaya, Homa Bay na Mombasa, Raila anapaa. Pigeni hesabu kidogo tu: kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa. Tuseme waliojitokeza ni 400. Fomu 500 za ngome ya mtu mmoja zinampa karibu kura 200,000, na fomu 500 ni kama asilimia moja tu ya 46,229! Tofauti ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa kura 233,211. Yaani chaguo la mhariri mmoja kuhusu makarani waanze kaunti gani lilitosha kuonyesha pengo linalokaribia pengo la uchaguzi mzima.

Na msituambie fomu zilikuwa hazijafika. Kufikia usiku wa Agosti 10 zaidi ya asilimia 90 zilikuwa tovutini. Mngeweza kuingiza kwa uwiano: kila awamu mnachukua asilimia ileile kutoka kila moja ya maeneobunge 290. Ni kazi ya mpangilio tu, haihitaji mtambo mpya. Mkaona afadhali kukimbizana na mshindani wenu.

Kwenye skrini mkatuwekea nyuso mbili, namba mbili na mshale. Hata pale mlipoonyesha asilimia ya vituo vya kupigia kura vilivyoingizwa, hamkusema ni vituo vya wapi. Mtu anapiga picha ya skrini, anakata ule ukanda wa chini wenye saa, anaitupa WhatsApp. Tangu 2020 ujumbe uliosambazwa mara nyingi unaruhusiwa kutumwa kwa mtu au kundi moja kwa wakati mmoja, lakini picha ukiihifadhi kwenye simu ukaipakia upya, ile alama ya "imesambazwa" inapotea na hesabu inaanza sifuri. Picha ya Jumatano asubuhi inasomwa Ijumaa kama habari ya sasa hivi. Halafu vituo vya TV vikapunguza kasi, vingine vikaacha kabisa kujumlisha bila kutupa sababu ya kueleweka. Mtu aliyeona mgombea wake akiongoza, kisha namba zikaganda, mlitaka aamini nini?

Mbaya zaidi ni ile 0.01. Agosti 15 mwenyekiti wa tume alitangaza: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, na wagombea wengine wawili, Wajackoyah 0.44, Mwaure 0.23. Jumlisha, unapata 100.01. Kesho yake makamishna wanne waliojitenga na matokeo wakasema mbele ya kamera kwamba ile 0.01 ni takriban kura 142,000. Ikaenda hewani mubashara. Shikeni kikokotoo: kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia 0.01 yake ni 1,420. Elfu moja, mia nne na ishirini! Na hata hizo si kura za mtu. Kura za Mwaure 31,987 ni asilimia 0.225, zikaandikwa 0.23. Za Wajackoyah 61,969 ni 0.436, zikaandikwa 0.44. Ziada yote ni ya kukadiria desimali.

Sasa oneni kwa nini 142,000 ilikuwa petroli. Ili kushinda bila duru ya pili lazima mgombea avuke nusu ya kura, na Ruto aliivuka kwa takriban 69,600. Ukiamini kuna kura 142,000 za hewani, unaamini hakuvuka, na kwamba duru ya pili imeibwa. Wahakiki wa habari walisahihisha baadaye, lakini kipande cha video kilikuwa kimeshatangulia. Sekunde kumi za kikokotoo studioni zingemaliza hilo jambo palepale.

Kwa hiyo 2027 tunataka kila jumla itoke na mambo haya skrinini: fomu ngapi kati ya zote, saa, na asilimia iliyoingizwa kwa kila kaunti kati ya 47. Jedwali lenyewe liwekwe mtandaoni likiwa na namba ya kila kituo, ili anayeshuku alinganishe na picha ya fomu. Saa na idadi ya fomu viandikwe katikati ya picha, juu ya namba, mahali ambapo mtu hawezi kukata bila kukata na matokeo.

Nasi tunaopokea, ukiletewa fomu 34A kwenye kundi usiirushe mbele. Jumlisha kura za wagombea uone kama zinalingana na kura halali zilizoandikwa. Ongeza zilizokataliwa, zisizidi walioandikishwa. Tazama sahihi za msimamizi na mawakala. Kisha ifungue fomu ya kituo hichohicho kwenye tovuti ya tume uziweke bega kwa bega.

Wahariri mnaosoma hapa, swali ni moja: makarani wenu wataanzia kaunti gani, na mtatuambia kabla ya kuanza?